Chatu Anayetapika Dola: Papa Mfumu'eto na Hadithi za Picha za Kutisha

Mwaka 1990 kilitokea katika masoko ya Kinshasa kijitabu chembamba cha michoro, kilichochapwa kwa wino mweusi juu ya karatasi duni. Kisa chake ni kifupi. Mtu mkubwa, tajiri wa mjini, anageuka chatu. Chatu anammeza mwanamke mzima mzima. Kisha anafumbua kinywa na kutapika noti za dola. Maneno yote yaliandikwa kwa Kilingala, tena Kilingala cha mitaani, si kile cha misale na vitabu vya shule. Kijitabu hicho kilisomwa mno, nacho ndicho kilichomtambulisha mchoraji wake kwa jiji zima.

Mchoraji huyo alijiita Papa Mfumu'eto 1er, yaani wa Kwanza. Alizaliwa mwaka 1963 huko Matadi, bandari ya mto iliyo katika nchi ya Wakongo, na jina alilojichagulia ni la Kikongo: mfumu ni mkuu au mtawala, na eto ni kimilikishi ambacho msomaji wa Kiswahili atakitambua bila kufasiriwa, kwa kuwa ni ndugu wa -etu. Basi huyu ni Baba Mkuu Wetu wa Kwanza. Katika nchi ambayo wakati ule ilikuwa na mkuu mmoja tu aliyeruhusiwa kuitwa hivyo, jina kama hili lilikuwa mzaha wenye meno.

Katika makala haya tunanuia kueleza kazi ya msanii huyu, na hasa jinsi alivyoifanya hofu iwe lugha ya kuzungumzia mambo ambayo magazeti hayakuyazungumza, au yaliyazungumza kwa Kifaransa. Huenda msomaji akauliza hadithi za Kilingala zina haja gani katika taarifa ya masomo ya Kiswahili. Jibu litajitokeza tutakapofika kwenye kitenzi cha kula. Kwa sasa yatosha kusema kwamba mambo yanayomtisha msomaji wa Kinshasa na yale yanayomtisha msomaji wa Lubumbashi yametoka katika chungu kimoja, ila yamepakuliwa katika sahani tofauti.

Hadithi za picha si ngeni katika Kongo. Kila mtu amesikia habari za Tintin, aliyechorwa na Hergé akizuru Kongo katika gazeti la watoto la Brussels mnamo 1930 na 1931. Lakini hizo zilikuwa hadithi juu ya Wakongo, si hadithi zao. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilieneza visa vya familia ya Mbumbulu, baba na mama na watoto nadhifu waliomwonyesha msomaji namna ya kula mezani, kupanga nyumba na kuwa mtu wa mjini mwenye adabu. Huku kwetu Katanga, kampuni ya Union Minière ilianzisha mwaka 1957 gazeti la Mwana Shaba kwa wafanyakazi wake, na baadaye likapata mdogo wake, Mwana Shaba Junior, kwa ajili ya vijana. Mwaka 1968 lilizaliwa Kinshasa gazeti la Jeunes pour Jeunes, ambalo lilithubutu kuweka kinywani mwa wahusika wake lugha ya vijana wa mitaani, mchanganyiko wa Kilingala na Kifaransa. Baadaye wakaja wachoraji wenye mafunzo na sifa za kimataifa, kama Mongo Sisé na Barly Baruti, ambao kazi zao nyingi zilikuwa kwa Kifaransa na kuchapishwa kwa namna ya Ulaya: jalada gumu, rangi, na bei isiyoweza kulipwa na muuza mihogo.

Mfumu'eto hakufuata njia ya hao wa mwisho. Alitunga mwenyewe, akachora mwenyewe, akawa mhariri na mchapishaji wa jarida lake mwenyewe, na vijitabu vikauzwa njiani na sokoni pamoja na sabuni na viberiti. Hakuna shirika lililomgharimia wala padre aliyempitishia maandishi. Umaskini huo wa vyombo ulikuwa pia uhuru wake. Mchoraji anayengoja fedha za ubalozi hana budi kuchora mambo ambayo ubalozi utayapenda, kama vile chanjo, misitu na amani. Lakini anayengoja fedha za mama wa sokoni atachora kile ambacho mama huyo alikuwa akikizungumza asubuhi ile ile na jirani yake. Kwa hiyo vijitabu vyake vilikuwa karibu sana na ile tunayoiita radio-trottoir, redio ya kando ya barabara, ambayo katika Zaire ya wakati ule ilisadikiwa kuliko redio yenye mitambo.

Tuutazame mwaka wenyewe. Tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Watu walianza kusema kwa sauti mambo waliyokuwa wakinong'ona kwa miaka ishirini na zaidi. Lakini maneno yalipofunguliwa, mifuko ilifungwa. Fedha ya zaire iliporomoka. Kinshasa ilishikwa na wazimu wa michezo ya fedha, maarufu zaidi ukiwa ule wa Bindo, ambapo mtu aliweka akiba yake akiahidiwa kurudishiwa maradufu baada ya majuma machache. Mwaka 1991 mchezo ukavunjika na akiba za watu zikapotea pamoja nao. Septemba 1991 askari wakapora mji, nao raia wakawafuata. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni tano ambayo wafanyabiashara waliikataa, wakapora tena. Oktoba ya mwaka huo ikatolewa fedha mpya, moja yake ikiwa sawa na milioni tatu za zamani. Katika miaka hiyo dola haikuwa fedha tu. Ilikuwa kama kitu cha kimuujiza kilichotoka mahali pasipojulikana na kuwafikia watu wachache, nao hawakuonekana wakifanya kazi yoyote ya kuipata.

Ndipo tunapoielewa kazi ya yule chatu. Swali lililoulizwa katika kila nyumba lilikuwa moja: hawa matajiri wanazitoa wapi fedha zao wakati sisi sote tunazidi kufukarika? Mtaalamu wa uchumi angejibu kwa kutaja shaba, almasi, mikopo na benki kuu. Mfumu'eto alijibu kwa michoro michache. Fedha inatoka tumboni mwa mtu, na iliingia tumboni humo ikiwa mtu mwingine. Wengi walimwona Mobutu mwenyewe katika umbo la yule chatu, ingawa mchoraji hakuhitaji kumtaja. Tena naona ni vema kwamba hakumtaja. Chatu asiye na jina anaweza kuwa rais, waziri, mkuu wa mtaa, au mume wa jirani. Msomaji anabakia na kazi ya kumtafuta, na katika kutafuta huko ndimo hofu inamokaa.

Sasa tufike kwenye lugha. Katika Kiswahili mtu hula ugali, lakini pia hula kiapo, hula njama, hula hasara, hula rushwa na hula fedha za watu. Aliyepata cheo amekula. Aliyenyimwa amekosa kula. Katika lugha nyingi za Kibantu mchawi hasemwi kwamba ameua, husemwa kwamba amekula. Marehemu ni mtu aliyeliwa. Kwa hiyo kitenzi kimoja kinaunganisha chakula, mamlaka, wizi na uchawi, na mzungumzaji hupita kutoka maana hii hadi ile bila kuhisi kwamba amevuka mpaka wowote. Watu wa Lubumbashi wanakumbuka kwamba mwaka 1986 kundi la michezo ya kuigiza la Mufwankolo lilitunga mchezo mzima wa Kiswahili kutokana na msemo kwamba utawala huliwa mzima mzima, haugawanywi. Johannes Fabian, aliyekuwapo wakati mchezo ukitungwa, aliandika kitabu juu yake mwaka 1990. Msemo huo unavuta fikira tukiuweka kando ya chatu wa Kinshasa. Kwa nini awe chatu? Simba hula kwa kurarua, naye hubakiza mifupa ambayo fisi na ndege hupata. Chatu humeza mzima mzima, habakizi kitu. Kilingala husema komela na Kiswahili kumeza, na wanaoifahamu historia ya lugha za Kibantu watauona undugu wa vitenzi hivyo mara moja. Mchoraji, basi, hakubuni mnyama wa kutisha kutoka hewani. Alichukua sitiari ambayo kila mtu aliitumia bila kuiona, akaichora kama ilivyo, yaani na magamba yake, taya zake na miguu ya mwanamke ikipotelea kooni.

Naona hiyo ndiyo siri ya hadithi nzuri ya kutisha popote pale: haileti jambo geni, huchukua usemi uliozoeleka na kuuondolea uzoefu wake. Msomaji aliyesema jana kwamba bwana fulani ametumeza, leo anauona usemi wake mwenyewe ukimtazama kutoka kwenye karatasi.

Katanga nayo ilikuwa na hofu yake ya kuliwa, tena kwa Kiswahili. Katika miaka ya 1940 wakazi wa Elisabethville waliogopa kutembea usiku kwa sababu ya mutumbula, yule mtekaji aliyesemekana kutumwa na Wazungu kuwakamata Waafrika ili waliwe. Wengine waliwaita simba bulaya, simba wa kutoka Ulaya. Pwani ya Afrika Mashariki kulikuwa na mumiani, na Kenya na Uganda na Tanganyika kulikuwa na wazimamoto waliosemwa kunyonya damu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya habari hizo zote katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, akashauri zisomwe kama namna ya watu kuueleza utawala wa kikoloni kwa maneno yao wenyewe. Ukimweka mutumbula kando ya chatu wa Mfumu'eto utaona kilichobadilika katika nusu karne. Mutumbula alitumwa na mgeni. Hofu ilikuwa nje, barabarani, gizani. Chatu ni mwenyeji. Anasema lugha yako na yumkini umewahi kumwita baba.

Kuna pia mamba muntu, yule mwanamke wa majini aliyechorwa na wachoraji wa mijini Katanga juu ya vitambaa vya magunia, akaning'inizwa sebuleni mwa wafanyakazi wengi katika miaka ya 1970. Naye ni mpaji wa utajiri kwa mkataba: ukiupata unywele wake au kitu chake kingine atakuja kukidai, nawe utapata mali kwa sharti la siri na utii, na mwisho wake mara nyingi ni kifo cha jamaa. Magharibi ya nchi humwita Mami Wata, na watu wa majini wamo pia katika vijitabu vya Mfumu'eto. Tofauti ni ya chombo. Picha ya ukutani husimama. Humwonyesha mamba muntu katika utulivu wake, na kisa chenyewe husimuliwa na mwenye nyumba kwa wageni wake, kila mara kwa namna nyingine. Hadithi ya picha hutembea. Kila kisanduku kinamsukuma msomaji kwenye kingine, na kugeuza ukurasa ni sawa na kufungua mlango wa chumba ambamo sauti imesikika. Ni kweli kwamba mipaka baina ya sanaa hizi mbili haikuwa ukuta: Chéri Samba, ambaye leo picha zake zimo katika majumba makubwa ya sanaa, alichora hadithi za picha magazetini katika miaka ya 1970, na maandishi yanayojaa katika picha zake ni alama ya asili hiyo. Mfumu'eto mwenyewe alipaka rangi pia.

Si kila kijitabu chake kilikuwa cha siasa. Vingi vinahusu nyumba: wake wenza wanaooneana wivu, waume wenye siri, wafu wasiotulia, ndoki, yaani wachawi, waliomo ndani ya ukoo. Ile nyumba nadhifu ya familia ya Mbumbulu imerudi, na viti vyake na kabati lake la vyombo, ila sasa kuna jambo chini ya kitanda. Mandhari ni ya kawaida kabisa, na kwa kuwa ni ya kawaida msomaji hana pa kukimbilia. Katika hadithi za kale zimwi lilikaa msituni na mtoto aliyetii mama yake hakukutana nalo. Hapa zimwi lina ufunguo wa mlango wa mbele.

Hapo lakini pana jambo zito ambalo wapenzi wa msanii huyu hawana budi kulikabili. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 Kinshasa ilianza kushuhudia watoto wakituhumiwa uchawi na jamaa zao, wakipigwa, wakipelekwa makanisani kutolewa pepo, na wengi wao kufukuzwa na kulala barabarani. Je, mchoraji anayeuza hadithi za ndugu walao ndugu ana mkono katika jambo hilo? Wako waliosema kwamba vijitabu vya namna hii vinalisha ushirikina. Siwezi kukubaliana nao moja kwa moja. Tuhuma za uchawi dhidi ya watoto zilitokana na njaa, vifo, kuvunjika kwa koo, na mahubiri ya makanisa mapya, hazikungoja michoro. Na kisa cha chatu kinakielekeza kidole juu, kwa mwenye tumbo kubwa, ilhali tuhuma za uchawi huelekezwa chini, kwa asiyeweza kujitetea. Hata hivyo si vijitabu vyote vinavyoelekeza kidole juu. Pale ambapo mwovu ni mke mwenza au jamaa wa ukoo, mchoraji anasimama karibu mno na washtaki, na kicheko chake, maana mara nyingi anacheka, hakitoshi kumtenga nao. Nadhani tufanye kama tunavyofanya kwa mtunzi yeyote: tusome kijitabu kwa kijitabu, tusimhukumu wala kumwachilia kwa jumla.

Umaarufu wake nje ya Kinshasa ulikuja kwa kuchelewa na kwa njia ya wataalamu. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika juu ya hadithi za picha za Kongo, kuanzia Tintin hadi Mfumu'eto, katika makala yaliyotoka mwaka 2002, akazidi kumfuatilia miaka iliyofuata. Mwaka 2015 kazi za Mfumu'eto zilionyeshwa Paris katika maonyesho ya Beauté Congo ya Fondation Cartier, yaliyokusanya sanaa ya Kongo tangu 1926. Vitu vilivyochapwa ili visomwe mara moja na kufungia karanga vikatundikwa ukutani chini ya taa. Na mkusanyo mkubwa wa vijitabu na michoro yake umehifadhiwa katika maktaba za Chuo Kikuu cha Florida, mjini Gainesville, Marekani.

Jambo hilo linafurahisha na kuuma kwa pamoja. Linafurahisha kwa sababu karatasi ile ilikuwa haina maisha: mvua moja, mchwa, au jiko lililokosa kiberiti vilitosha kuimaliza. Linauma kwa sababu mwanafunzi wa Kinshasa au Lubumbashi anayetaka kuandika tasnifu juu ya Kilingala cha miaka ya 1990 atahitaji viza ili asome kile ambacho mama yake alikinunua sokoni. Na kwa mwanaisimu hazina hiyo si ndogo. Katika viputo vya maneno vya Mfumu'eto watu wanasema kama walivyosema: wanaanza kwa Kilingala, wanaingiza kitenzi cha Kifaransa na kukivisha viambishi vya Kilingala, wanatukana, wanabembeleza, wanakatizana. Tahajia haifuati kanuni yoyote ya wamisionari, inafuata sikio.

Kwa Kiswahili cha Katanga tunayo maandishi machache ya aina hiyo. Tunalo lile la Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, lililotungwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, ambalo nalo limeandikwa kwa kufuata sikio, maneno yakiungana na kutengana kama pumzi ya msemaji inavyotaka. Tunazo kanda za Mufwankolo. Tunayo masimulizi ambayo wachoraji, hasa Tshibumba Kanda Matulu, waliyatoa walipoulizwa juu ya picha zao. Mutumbula, kwa upande wake, alikaa zaidi midomoni mwa wazee wa kambi za wafanyakazi, na waliokuwa vijana mwaka 1943 wamekwisha kwenda karibu wote.